Maziwa ya Jioni

Redio ikitangaza kwamba serikali ina mpango wa kuimarisha vyama vya ushirika vijijini, mimi huinuka nikaizima. Wajukuu wamezoea. Husema shosho ana kesi na redio, wanacheka, wanaiwasha tena nikitoka. Sina kesi na redio. Neno lenyewe ndilo linalonikera, hilo kuimarisha, kwa sababu nililisikia mara ya kwanza nikiwa msichana wa sekondari, na nikaona kwa macho yangu lilivyoingia nyumbani kwetu likachukua kitu ambacho hakikuwa cha serikali, wala cha chama, wala cha baba. Kilikuwa cha mama.

Kwetu ni upande wa Mukurweini, kwenye mashamba yanayoteremka kutoka barabarani hadi mtoni, ambako mvua ikinyesha na huna gambuti unashuka kwa makalio. Tulikuwa na kahawa kidogo, migomba, nyasi ya nepia kwenye kingo za matuta, na ng'ombe mmoja wa gredi, yule wa kizungu wa maziwa mengi. Usicheke ukisikia mmoja. Baba alikuwa amefanya kazi kwa mzungu upande wa Nanyuki, akikamua ng'ombe wa namna hiyo hiyo kila alfajiri, na mzungu akimwambia kila siku kwamba Mwafrika akipewa mmoja atamuua kwa kupe na uchafu kabla mwezi haujaisha. Uhuru ulipokuja, kitu cha kwanza alichonunua baba si koti wala baiskeli. Alinunua ng'ombe huyo, akamtembeza kwa miguu kutoka Karatina mpaka nyumbani, akipita katikati ya barabara ili watu wamwone vizuri. Hakumkamua hata mara moja. Alisema alishakamua vya kutosha maishani mwake, na kukamua nyumbani ni kazi ya mwanamke.

Nieleze utaratibu wa maziwa, maana bila huo huwezi kuelewa nina uchungu wa nini. Maziwa ya asubuhi yalikuwa ya baba. Mama aliyakamua, akayatia kwenye mkebe wenye namba ya baba iliyopakwa rangi nyekundu, na mkebe ukapelekwa barabarani kungoja lori la sosaiti, chama chetu cha ushirika. Namba ilikuwa ya baba kwa sababu shamba lilikuwa la baba, na sosaiti haikuandikisha mtu asiye na shamba. Katika kilima chetu kizima hapakuwa na mwanamke mwenye namba, isipokuwa mjane mmoja, na yeye alikuwa akitumia ya marehemu. Hakuna aliyelalamika kuhusu maziwa ya asubuhi. Ndiyo yaliyolipa karo yangu.

Ya jioni yalikuwa ya mama. Hakuna aliyewahi kuyaandika hayo popote, wala baba hakuwahi kutamka kwamba ameyatoa, kwa sababu hakuyatoa. Ilikuwa hivyo kwetu na kwa majirani wote. Jioni lori halikuja, kwa hiyo maziwa ya jioni yalikuwa na njia moja tu, ya kwenda jikoni. Mama aliyagawa alivyotaka. Kulikuwa na ya chai, ya kuweka kwenye uji wa wadogo zangu, ya kibuyu cha nyanya yangu mzaa baba, na kikombe kwa jirani ambaye ng'ombe wake amekauka. Ng'ombe wetu akikauka, kikombe kilirudi. Au kilirudi kikiwa mtama, au siku nzima ya kupalilia, au mtu wa kukushikia mtoto ukienda kuteka maji. Huo nao ulikuwa ushirika, ila haukuwa na mwenyekiti wala muhuri, kwa hiyo hakuna ofisa aliyeuona.

Mwaka ninaousema ulianza vibaya. Dada yangu mkubwa alifariki akijifungua katika hospitali ya Nyeri mjini. Hakuwa ameolewa. Mwanamume aliyehusika alikuwa dereva wa malori ya mchele wa Mwea, na baada ya siku ile hatukumwona tena, wala hatukumtafuta sana. Mama alienda Nyeri kumwona binti yake, akarudi na mtoto wa kike mgongoni. Kwa kawaida yetu, mtoto wa msichana ambaye hajaolewa huitwa jina la mama yake msichana, kwa hiyo mtoto akapewa jina la mama yangu. Baba naye, kama wanaume wote wa kwetu wanavyofanya mjukuu akibeba jina la mke wao, akaanza kumwita bibi yangu, yaani mke wangu. Akirudi kutoka mkutanoni, kabla ya kuvua kofia, atauliza, "Bibi yangu mdogo amekula? Huyu mkubwa atajitetea mwenyewe." Mama, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, alikuwa anacheka hapo.

Mtoto yule alilelewa na maziwa ya jioni. Mama aliyachemsha, akayaongeza maji ya moto, akampa kwa kijiko kidogo cha chai. Nilipokuja likizo ya Aprili nilimkuta amejaa mashavu, mikono yake ina mikunjo kama imefungwa uzi. Alikuwa akisikia mlango wa zizi unafunguliwa jioni anaanza kurusha miguu. Nilirudi shuleni nimetulia kidogo. Nilijiambia kwamba dada amekwenda lakini huyu tutamlea.

Likizo ya Agosti ndipo ofisa alipokuja. Baraza lilifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, na sisi wasichana wa sekondari tuliambiwa tukae mbele kwa sababu tunaelewa. Ofisa alikuwa kijana, suti yake imeloa matope hadi magotini, lakini aliongea vizuri. Alisema vyama vidogo vidogo vinavyopeleka maziwa asubuhi tu havina nguvu. Alisema serikali imeamua kuviimarisha. Sosaiti yetu ingepewa tangi kubwa la kupoza maziwa, la chuma kinachong'aa, lenye mashine yake, ili maziwa yakae usiku kucha bila kuharibika. Lori lingepita asubuhi na jioni. Kisha akashusha sauti kidogo, kama mtu anayekutolea siri kwa sababu anakupenda. Tangi ni la majaribio. Lisipojaa katika misimu ile iliyopangwa, litang'olewa na kupelekwa kwa watu wa ng'ambo ya mto, ambao wanalililia. Na kuanzia siku ile, kuuziana maziwa majirani kwa majirani kungekuwa ni kuhujumu chama.

Watu walipiga makofi. Baba, ambaye alikuwa amechaguliwa mwenyekiti mwaka uliotangulia, alipiga kuliko wote. Nilimtazama na nilimfahamu. Moyoni alikuwa anamwona yule mzungu wa Nanyuki amesimama nyuma ya umati, amevua kofia. Wanawake waliokuwa wamekaa pembeni kwenye majani nao walipiga makofi. Ilichukua muda kabla ya mmoja wao kugundua. Alimgusa mama bega akamuuliza, "Ati lori itapita jioni pia?"

Siku tangi lilipowashwa, baba alisimama mlangoni mwa jiko. Jiko letu lilikuwa nyumba ya peke yake, ya mbao na moshi, na baba hakuwa mtu wa kuingia humo. Alisema, "Mama watoto, leo jioni mkebe utoke."

Mama alikuwa anachuja maziwa. Hakugeuka. "Na huyu mtoto atakunywa nini?"

"Uji. Sisi tulilelewa na nini? Si ni uji?"

"Wewe ulikuwa na mama."

Naamini neno hilo lilimwingia baba. Lakini alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba namba yake itaongoza, na mwanamume wa kwetu akishasema jambo barabarani hawezi kulimeza jikoni. "Ni ya muda tu," akasema. "Tangi ikijaa msimu huu watatuachia. Na mimi ndio mwenyekiti. Nikipeleka nusu mkebe, nitaambia watu nini?"

Nilikuwa na mdomo, na bado ninao. Nikamwambia, "Baba, si ni kikombe moja tu?"

"Kila nyumba ikitoa kikombe moja, tangi itabaki na nini?" Kisha akanigeukia vizuri. "Na wewe ukikaa huko shule unasoma, unafikiri unasomeshwa na kikombe ya nani?"

Mkebe ukatoka. Kilichobaki asubuhi kilikuwa ni cha kutia rangi kwenye chai ya baba na ya wageni wake, na mwenyekiti huwa na wageni wengi. Mtoto akapewa uji. Kulia alilia wiki moja hivi, kila zizi likifunguliwa, kisha akazoea kulia kwa chini. Vikombe vya majirani vikakauka siku moja, kama bomba lililofungwa, maana kila nyumba ilikuwa na mume aliyetaka tangi lisiende ng'ambo. Tangi lilijaa. Nilipokuwa nikipita pale nikirudi shuleni nilisikia mashine yake inanguruma kwa raha, na baba amesimama kando yake na bakora, anawaeleza watu wa kutoka Othaya jinsi inavyofanya kazi.

Desemba nilikuta mashavu yameondoka. Aprili iliyofuata sikumtambua. Mtoto alikuwa amepita mwaka na hakuwa anasimama. Nywele zake zilikuwa nyepesi, zimegeuka rangi ya majani makavu, na miguu imejaa, si kwa unono. Hakuwa anacheka wala kulia, alikuwa amekaa tu kwenye gunia anaangalia kuku. Niseme mapema kwamba hakufa, maana najua hadithi za namna hii zinavyokwenda na sitaki mtu anililie bure. Yuko hai, ana watoto, ana duka lake mjini Kenol. Lakini alitembea amechelewa, shuleni mambo yalimpita, na binti yake wa darasa la saba tayari amemzidi kimo. Watu husema ni ufupi wa kwao. Kwetu hakuna mfupi mwingine.

Mama na mimi tulimpeleka zahanati. Sista aliyetupokea alikuwa na miwani minene. Alimbonyeza mtoto mguu kwa dole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki pale pale.

"Mama, huyu mtoto anakosa maziwa," akasema. "Mko na ng'ombe?"

"Tuko naye."

"Sasa si umpe? Serikali inasema kila mtoto apewe maziwa."

"Serikali gani?" mama akauliza.

Sista alidhani ni mzaha, akacheka. "Kwani ziko ngapi?"

Tulikuwa tumepita soko, tunapanda kilima, mama aliponiambia, "Ziko mbili. Moja iko na miwani, na ingine iko na lori."

Jioni ile mama alifanya walichofanya wanawake wengi kimya kimya, wengine kabla yake. Alikamua, akatoa kikombe cha mtoto, na mkebe akaujaza maji mahali pa kile kikombe. Aliyachuja maji hayo kwa kitambaa safi mara mbili. Hilo nalikumbuka kwa sababu lilinitia huruma, mtu anayedanganya na bado anahangaikia usafi. Mtoto alikunywa kikombe chote bila kupumua, akalala na povu mdomoni. Kesho yake jioni tena, na tena.

Hatukujua kwamba sosaiti iliyoimarishwa imeletewa kipimo kipya. Kilikuwa kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa. Maziwa mazito hukiinua, yenye maji hukiacha kizame. Karani wa kupokea alikuwa kijana wa jirani, tuliyesoma naye. Jioni moja tulisimama barabarani kwenye foleni na wanawake wengine, mikebe miguuni. Alichovya kioo kwenye mkebe wetu, akainama, akachovya tena. Angeweza kumwita mama kando. Badala yake aliinua kichwa akatangaza, "Namba ya mwenyekiti iko na maji!"

Desturi ya pale ilikuwa kwamba maziwa yenye maji humwagwa mbele ya watu ili wengine wajifunze. Karani aliyamwaga. Yalishuka kwenye udongo mwekundu, mbwa wakaja mbio. "Mwizi ni mwizi," akasema, "hata akiwa bibi ya mwenyekiti." Wanawake wote waliangalia chini. Nilitaka kumrukia yule kijana, na mpaka leo nasikitika kwamba mama alinishika mkono. Alifunga leso yake vizuri kiunoni, akaokota mkebe mtupu, tukarudi nyumbani.

Baba hakumpiga. Ningesema kama alimpiga. Alikaa kwenye kiti chake, kofia mkononi, akasema maneno machache tu. "Umeniibia mimi na chama."

"Nimekuibia?" mama akauliza.

"Ndiyo."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia. Tangu jioni hiyo hakuchukua tone. Alikamua mpaka mwisho, akaujaza mkebe mpaka ukingoni, akaupeleka mwenyewe. Ya asubuhi, hata yale ya chai, aliyaacha baba ayamimine kwa mkono wake. Nilimsihi. Nilimwambia achukue kidogo, mimi nitasema nimechukua mimi. Akanijibu, "Nimeambiwa ni wizi. Mimi si mwizi." Hapo nilimkasirikia hata yeye. Wawili wale walikuwa wanavutana, na kamba waliyoishika ilikuwa mtoto. Nilirudi shuleni nikiwachukia wote wawili, na nilipopita kwenye tangi niliitemea mate mashine yao.

Agosti, nikija likizo, nilinunua Nyeri mjini pakiti moja ya maziwa, zile za pembe tatu, kwa pesa nilizojinyima. Huenda yalikuwa ya ng'ombe wetu mwenyewe, yamekwenda Nairobi kutembea. Kufika nyumbani kwa jua la siku hiyo yalikuwa yameganda. Mama aliyaonja kwa kidole akawapa kuku.

Wiki hiyo hiyo ndipo mkubwa kutoka wizarani alipokuja kuzindua jengo la sosaiti. Tangi lilikuwa limejaa msimu baada ya msimu, na sisi tulikuwa tumetajwa katika mikutano ya mkoa kama mfano. Ratiba ilisema mgeni atapitia kwa mwenyekiti apate chai, kisha aende uwanjani kuhutubia. Baba alipaka nyumba chokaa. Aliazima viti kanisani. Alimwambia mama, "Tengeneza chai nzuri, ile ya wageni," akaenda barabarani kungoja magari.

Waliingia wakajaza sebule: mkubwa mwenyewe, mwanamume mpana mwenye sauti nzuri, ofisa wetu wa suti, chifu, na wanakamati. Mama aliingia na sinia. Nilikuwa nyuma yake na mkate uliokatwa. Alianza na mgeni, akainua birika, akamimina. Ilitoka turungi. Ilikuwa nyeusi, unaona mpaka kitako cha kikombe. Akamimina kwa chifu, nyeusi. Akamimina kwa wanakamati mmoja mmoja, hakuruka mtu, na mwisho akamimina kwa baba. 

Niwaeleze wasiotoka kwetu. Kumpa mgeni turungi nyumbani kwenye ng'ombe ni kumwambia hukumwalika. Hata mtu mliyekosana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba, akifika mlangoni atapewa chai yenye maziwa. Baba alikuwa amegeuka rangi. Chifu alikiangalia kikombe chake kama kina nzi.

Mkubwa ndiye aliyeuliza, kwa tabasamu. "Mama, nyinyi watu wa maziwa munakunywa strungi?"

"Maziwa iko kwa tangi, mheshimiwa," mama akasema. "Yote. Hata ya mtoto."

Akaenda mlangoni, akamchukua mtoto aliyekuwa amekaa kwenye gunia, akamleta mpaka katikati ya sebule na kujaribu kumsimamisha mbele ya mgeni. Mtoto hakusimama, alikaa. Miguu yake iliyovimba ilikuwa imetangulia mbele. Mkubwa alimtazama mtoto, akamgusa kichwani zile nywele za rangi ya majani makavu, akasema, "Mtoto mzuri." Kisha akanywa turungi yake mpaka mwisho, akashukuru, wakatoka.

Niliwafuata uwanjani. Nilitaka kusikia, kwa sababu nilikuwa bado na imani na watu wa kutoka mbali. Nilifikiri ameona. Mtu mwenye macho mawili angewezaje kukosa kuona?

Alikuwa ameona. Aliposimama kwenye kipaza sauti alisahau hotuba yake iliyopigwa chapa. "Wananchi," akasema, "leo nimetembelea nyumba ya mwenyekiti wenu. Nimepewa chai bila maziwa!" Watu wakanguruma kwa kutoamini. "Ndiyo! Na yule mama akaniambia, mheshimiwa, maziwa yote iko kwa tangi, hata ya mtoto! Hamuoni? Huyo ndiye mama wa taifa tunayetaka! Huyo amejinyima, amenyima hata nyumba yake, ili chama kiimarike! Nikirudi Nairobi nitaeleza hayo. Kila sosaiti ijifunze kutoka kwa mama huyo!" Makofi yalipigwa mpaka vumbi likainuka. Baba, aliyekuwa amekaa amejikunja tangu nyumbani, alinyooka polepole kwenye kiti. Nilimwona akianza kuamini. Kufikia mwisho wa makofi alikuwa anatabasamu, na yule karani wa kioo alikuwa amekuja kumshika mkono.

Mama hakuwa uwanjani. Mimi ndiye niliyempelekea habari. Nilimweleza neno kwa neno, nikilia kwa hasira, na alinisikiliza huku anamenya viazi. Nilipomaliza aliuliza, "Alisema nimejinyima?" Nikasema ndiyo. Akamaliza kiazi alichokuwa nacho, akanawa mikono, akaketi.

Jioni ng'ombe alianza kulia. Baba alirudi amechangamka, akasikia, akaja mlangoni. "Ng'ombe analia."

"Namsikia."

"Na lori inakuja."

"Mwenye namba akamue," mama akasema.

Alidhani ni hasira ya siku moja. Akaniambia mimi, "Wewe, nenda." Nikamwambia sijui kukamua, nami nilikuwa nimekamua tangu nikiwa mdogo. Akakunja mikono ya shati la mkutano akaenda mwenyewe, mtu aliyewakamua ng'ombe wa mzungu kundi zima. Lakini ng'ombe huyu alikuwa amejua mikono ya mama na yangu tu. Alizuia maziwa, akapiga ndoo teke, akampaka baba kinyesi suruali. Baadaye mama alitoka na kumfungulia ndama wake wa mwaka ule anyonye, ili ng'ombe asiumie kiwele, akarudi ndani.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Baba alienda kwa majirani kuomba mwanamke wa kumsaidia. Mmoja aliumwa na kiganja. Mwingine alikuwa na kahawa ya kuchuma, mwingine alikuwa anakwenda kwa dada yake Karatina, pole sana mzee. Hakuna aliyemkatalia. Mwenyekiti aliyesifiwa kwenye kipaza sauti akawa anasimama barabarani na mkebe mwepesi, na lori linampita, na karani anaita kwa sauti ile ile, "Namba ya mwenyekiti leo hakuna?" Nyumbani ndama alinenepa akang'aa. Mtoto alikaa kwenye gunia lake anamwangalia.

Baba alishindwa jioni moja ya mvua. Alikuja mpaka ndani ya jiko, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasimama karibu na kuni, maji yanamchuruzika kofiani. Hakumtazama mama. Alimtazama mtoto. "Ya jioni ibaki," akasema. Kwa baba yangu hayo yalikuwa maneno mengi.

Mama aliinuka bila kuonyesha ameshinda. Alinawa, akachukua ndoo, akaenda zizini. Ng'ombe aliachia mara moja, nilisikia kutoka jikoni. Alirudi na ndoo yenye povu, akayachemsha maziwa, akayapoza kwa kuyahamisha kutoka kikombe hiki hadi kile, kama alivyokuwa akifanya zamani. Nilimpakata mtoto. Mama akapiga magoti mbele yetu akaweka kikombe mdomoni pake.

Mtoto alinusa, akageuza uso. Mama akajaribu tena, kwa kijiko. Alifunga midomo. Tukatia sukari. Aliyatema, akaanza kulia ile sauti yake ya chini, na mkono wake ukanyooka kuelekea sufuria ya uji wa asubuhi uliopoa. Mama alijaribu mara nyingi kuliko nilivyoweza kuangalia. Kila mara mkono ule mdogo ulisukuma kikombe.

"Hataki," baba akasema. Alikuwa bado amesimama palepale kwenye kuni.

"Alitaka mwaka jana," mama akamwambia.

Akainuka, akauvuta mkebe wenye namba nyekundu, akamimina humo maziwa ya kikombe na yote yaliyokuwa kwenye sufuria. Akaufunga kifuniko kwa kiganja, akauweka miguuni pa baba. Kisha akaniambia nipashe uji wa mtoto moto.